Uso umeharibika zaidi baada ya kuacha krimu: niirudie au niende hospitali?

Mwanafunzi wa Muheza

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nina umri wa miaka 16 na ninasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni. Kwa sasa niko nyumbani Muheza kwa likizo, na shangazi ameniazima simu yake ili niandike jambo hili kwa kirefu.

Chunusi zilinianza nikiwa na miaka 13, kwanza kwenye paji la uso, kisha zikashuka mashavuni na kidevuni, na mwaka jana zikatokea hata mgongoni. Nyingine ni vipele vidogo vyenye ncha nyeusi ambavyo haviumi, lakini nyingine huwa kubwa na ngumu, hukaa chini ya ngozi wiki mbili au tatu zikiuma hata nikigusa mto, na zikipona huacha doa jeusi linalodumu kwa miezi. Nimepaka limau, nimepaka dawa ya meno usiku, na kwa muda mrefu nilikuwa ninaosha uso kwa sabuni ya kufulia mara nne kwa siku kwa sababu niliambiwa kwamba chunusi ni uchafu. Uso ulikauka na kuwasha, na chunusi zilibaki palepale.

Mwanzoni mwa mwaka huu msichana tunayelala naye bweni moja alinigawia krimu iliyotiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi yoyote. Baada ya siku nne tu uvimbe ulinywea na ngozi ikalainika, nikafurahi mno, na kwa mara ya kwanza tangu nianze sekondari nikakubali kukaa dawati la mbele. Kikopo kilipoisha nilinunua kwenye duka la vipodozi mrija wa krimu ambayo mwenzangu alisema ndiyo inayochanganywa humo, nikaendelea nayo. Kufikia mwezi wa tano uso ulikuwa umepauka kuliko shingo, nikisimama juani paredi ya asubuhi uliwaka kama umepakwa pilipili, na vipele vidogo vinavyofanana vilijaa mashavuni na kuzunguka mdomo. Niliogopa, nikaacha. Leo ni siku ya kumi na mbili tangu niache, na hali ni mbaya kuliko wakati wowote: uso umevimba, unachonyota, na ninatoka nyumbani nikiwa nimejifunika mtandio hadi puani.

Baba anasema ni ujana, utapita wenyewe, na fedha za hospitali ziwekwe kwa wagonjwa wa kweli. Shangazi anasema zitaisha nikiolewa. Mwenzangu ananiandikia kwamba nimekosea kuacha, nirudie krimu haraka. Ninaomba kujua mambo mawili. Je, niirudie? Na kama ni hospitali, ninaanzia wapi na ninamweleza nini daktari, maana ninaona haya kusema kwamba nilipaka mkorogo?

Mfamasia, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Usiirudie, na wala usione haya, kwa sababu wanaofika dirishani kwangu na kisa kama chako ni wengi, na baadhi yao ni watu wazima wenye familia.

Ninaandika bila kukuona, kwa hiyo chukua maneno yangu kama maelezo, si kama cheti cha dawa. Mambo uliyoyaeleza, yaani nafuu ya siku chache, ngozi kupauka, kuungua juani, vipele vinavyofanana kuzunguka mdomo na hali kulipuka baada ya kuacha, yanaelekea sana kuwa madhara ya steroidi kali, yaani dawa ya kuzima uvimbe, iliyopakwa usoni kwa muda mrefu. Tazama mrija wako. Ukiona neno klobetasoli, ambalo kwenye boksi huanza na herufi C, au betamethasoni, basi ndiyo hiyo. Hizi ni dawa halali na zina kazi yake: daktari huziandika kwa ukurutu mkali au pumu ya ngozi, kwa muda mfupi, na mara nyingi kwa sehemu za mwili zenye ngozi nene. Mahali pake si duka la vipodozi, na usoni kwa miezi mitano ni hatari.

Ninataka uelewe kwa nini ilikudanganya. Steroidi huzima uvimbe, na chunusi inayouma ni uvimbe, kwa hiyo siku ya nne lazima uone mabadiliko. Lakini haizibui tundu la kinyweleo lililoziba wala haipunguzi mafuta yanayozalishwa chini yake. Wakati huohuo ngozi inakonda, inapoteza rangi, mishipa midogo ya damu inatanuka, na uso unazoea kuzimwa kila usiku. Siku dawa inapokosekana, uvimbe wote uliokuwa umezuiwa hurudi kwa nguvu. Mtu huona hali hiyo akadhani kwamba krimu ndiyo iliyokuwa ikimponya, akairudia, na kila mzunguko humwacha na ngozi dhaifu zaidi. Mwenzako hakukudanganya kwa makusudi. Naye ameona jambo lilelile na amelielewa kinyume.

Mpaka umwone daktari, osha uso mara mbili tu kwa siku kwa sabuni laini ya kuogea isiyo na manukato mengi, kwa viganja na bila dodoki. Kaa kivulini kadiri uwezavyo. Usipake limau, kwa kuwa tindikali yake pamoja na jua la Tanga inaweza kukuachia doa baya kuliko chunusi yenyewe. Usianze pia dawa nyingine ya chunusi kwa sasa, hata ile ninayoiuza mimi, kwa sababu ngozi iliyowaka hivyo haitaivumilia. Utakapokwenda hospitali chukua mrija, na kama kile kikopo bado kipo kichukue pia. Daktari akiviona atapata jibu ambalo maswali kumi yasingempa.

Asha K.

Pole sana, mdogo wangu. Mimi nilitumia manjano na asali kwa mwezi mmoja uso ukang'aa, na bibi zetu hawakuwa na hospitali za ngozi. Jaribu kwanza vitu vya asili visivyo na kemikali.

Mfamasia, Morogoro

Dada Asha, ninafahamu kwamba umeandika kwa kumhurumia, na siwezi kukataa kwamba wewe ulipata nafuu. Hata hivyo huyu binti ana ngozi iliyoumizwa, na chochote kitakachosuguliwa juu yake leo, kiwe cha dukani au cha shambani, kitamwongezea maumivu. Ninaomba asipake kitu mpaka aonwe.

Kijana wa Mwanza

Mdogo wangu, sasa nina miaka 24, na nilikaa na chunusi tangu kidato cha kwanza hadi nilipomaliza chuo mwaka wa pili. Zangu zilikuwa za aina ile ngumu unayoieleza, nyingi zikiungana chini ya ngozi ya taya na mgongoni, zikipasuka na kuchafua shati la shule. Ninajua ile hesabu ya kukaa upande wa dawati ambao unaficha shavu baya zaidi. Ninajua kukataa kupigwa picha ya pamoja siku ya mahafali. Baba yangu naye alisema ni ujana, na kwa sababu nilimheshimu na kwa sababu nilitaka iwe kweli, nilingoja miaka mitano. Chunusi zilikuja kupoa, lakini mashimo yaliyobaki kwenye mashavu hayajaondoka, na begani nina keloidi mbili, yaani makovu magumu yaliyovimba, ambazo kila mwaka huwasha. Ninakuandikia kwa ajili ya miaka hiyo mitano.

Nilipofika hatimaye kwenye kliniki ya ngozi, daktari alinianzishia vidonge na dawa ya kupaka kwa miezi mitatu, na baadaye, alipoona kwamba makovu yanaendelea, alinipa isotretinoini. Ninaieleza ili ukiisikia usiipuuze na pia usiinunue mwenyewe. Ni dawa nzito. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982, na ndiyo inayosinyaza tezi za mafuta zenyewe, ndiyo maana inaweza kutuliza chunusi ambazo hazikusikia kitu kingine. Nilipimwa damu kabla ya kuanza na katikati ya tiba, ili kuangalia ini na mafuta ya damu. Dozi ilikokotolewa kwa uzito wangu. Midomo ilipasuka kwa miezi sita yote, macho yalikauka, na kila nilipohudhuria daktari aliniuliza nimelalaje na moyo wangu ukoje, kwa kuwa hufuatilia pia hali ya akili ya anayeitumia. Kwa mwanamke kuna sharti kubwa zaidi: mimba ikitungwa wakati wa kuitumia, mtoto anaweza kuharibika vibaya sana, kwa hiyo hatakiwi kuwa mjamzito wala kushika mimba mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza. Huenda wewe hutaihitaji kabisa. Wengi hupona kwa dawa nyepesi zaidi wakiziwahi.

Jambo la mwisho, usizitumbue. Mashimo yangu yaliyo makubwa zaidi ni yale niliyoyakamua kwa kucha mbele ya kioo cha bweni.

Mama wa Watatu, Mombasa

Mwanangu, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nataka kuzungumza nawe kuhusu baba yako na shangazi yako, kwa maana dawa umeshaelezwa na wanaozijua.

Binti yangu wa pili alipata chunusi akiwa na miaka 14, na mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kwamba ni ujana. Sikumwambia kwa ubaya. Nilidhani nikilifanya jambo kuwa dogo, litakuwa dogo. Kumbe kila nilipomwambia hivyo, yeye alisikia kwamba maumivu yake hayanihusu, akaacha kuniambia. Nilikuja kugundua nilipomkuta amefunika kioo cha chumbani kwa leso. Hapo ndipo nilipomshika mkono tukaenda.

Daktari aliuliza mambo ambayo sikuyatarajia. Aliuliza mafuta anayopaka nywele. Tulikuwa tukimpaka mafuta ya nazi kila jioni, yakishuka usiku hadi kwenye paji la uso, na chunusi zake zilikuwa zimejipanga pembezoni mwa nywele. Tulipunguza mafuta na kuanza kumfunga nywele wakati wa kulala, na sehemu hiyo ya uso ilikuwa ya kwanza kupata nafuu. Aliuliza pia kama hedhi yake inakuja kwa mpangilio na kama ana nywele kidevuni, kwa kuwa kwa baadhi ya wasichana chunusi kali huambatana na matatizo ya homoni yanayohitaji tiba yake. Ukiulizwa, jibu bila kuficha.

Kuhusu ndoa, mwambie shangazi kwa heshima kwamba wako wanawake walioolewa na kuzaa ambao bado wana chunusi, mmoja wao ni dada yangu mwenye miaka 35. Kuhusu baba, usibishane naye kuhusu uzuri, maana atadhani unataka urembo. Mwonyeshe mgongo, au umwombe shangazi amweleze kuhusu mgongo. Mwambie uso unawaka moto na kwamba imetokana na dawa uliyopaka. Mzazi akisikia kwamba mtoto ameungua na dawa, hafikirii tena ujana.

Tabibu wa ngozi, Moshi

Ninashukuru kwa yaliyoandikwa, na hasa kwa tahadhari ya mfamasia. Nitaongeza machache kuhusu ugonjwa wenyewe, kisha kuhusu njia ya kufika kwetu.

Chunusi ni ugonjwa wa tundu la kinyweleo na tezi ya mafuta iliyoungana nalo. Wakati wa kubalehe homoni za androjeni, ambazo wavulana na wasichana wote wanazo, huziamsha tezi hizo zizalishe mafuta mengi. Seli zinazotanda ndani ya tundu hushikana badala ya kudondoka, tundu linaziba, na bakteria aitwaye Cutibacterium acnes, ambaye huishi kwenye ngozi ya kila mtu mzima wa afya, hustawi ndani ya mafuta yaliyofungiwa. Mwili hujibu kwa uvimbe. Ile ncha nyeusi unayoiona si uchafu: ni mafuta na seli zilizobadilika rangi baada ya kukutana na hewa, na hakuna sabuni itakayozifuta. Takribani asilimia 85 ya watu wa umri kati ya miaka 12 na 24 hupata chunusi za kiwango fulani, kwa hiyo baba yako hajakosea anaposema kwamba ni jambo la ujana. Kinachohitaji kusahihishwa ni wazo kwamba jambo la ujana haliachi alama.

Kwa ngozi nyeusi alama hizo ndizo shida kubwa. Kila uvimbe huchochea seli za rangi, na doa linalobaki hudumu muda mrefu kuliko chunusi iliyolileta. Watu wengi hununua mkorogo wakilenga doa, ilhali doa jipya litatokea maadamu chunusi mpya zinatokea. Kwa hiyo sisi hutibu uvimbe kwanza, na madoa mengi hufifia yenyewe baada ya hapo, polepole, hasa mgonjwa akijikinga na jua.

Dawa za msingi si nyingi na baadhi si ghali. Benzoili peroksaidi, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huua bakteria bila kuwafanya wawe sugu. Adapaleni huzibua matundu. Hupakwa usiku, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, na haitumiwi na mjamzito. Uvimbe ukiwa mwingi huongezwa doksisaiklini ya vidonge kwa takribani miezi mitatu, ambayo humezwa kwa maji mengi mtu akiwa ameketi au amesimama, si akiwa anajilaza, kwa kuwa kidonge kikikwama kooni hulichoma. Hatumpi mtu antibayotiki peke yake bila dawa ya kupaka, kwa sababu bakteria hujifunza kuihimili. Kwa hali yako, binti, daktari huenda akaanza kwa kuituliza ngozi iliyochoshwa na steroidi kabla ya kugusa chunusi za awali, na anaweza kuamua kukupunguzia steroidi hiyo kwa hatua kwa kutumia iliyo hafifu. Uamuzi huo ni wake yeye atakayekuona.

Sasa kuhusu muda, ambao ndio unaowaangusha wagonjwa wangu wengi. Chunusi unayoiona leo ilianza kujengeka chini ya ngozi wiki kadhaa zilizopita, kwa hiyo dawa ya kweli haiwezi kuonyesha kazi yake kwa siku nne. Wiki za kwanza za adapaleni ngozi hukauka, hubabuka, na wakati mwingine huonekana mbaya zaidi. Mabadiliko huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya nane, na sisi hatuihukumu tiba kabla ya wiki ya kumi na mbili. Mgonjwa aliyezoea steroidi hupata taabu sana kusubiri hivyo, na ndiye anayerudi dukani wiki ya tatu.

Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ueleze kila kitu, uombe rufaa kwenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa. Kama nyumbani mna bima, beba kadi. Tangu mwaka 1992 hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda kinachofundisha matabibu na madaktari wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na wahitimu wake wamesambaa mikoani, kwa hiyo si lazima usafiri mbali ili kumpata mtu aliyesomea ngozi.

Mwanafunzi wa Muheza

Shikamooni tena. Nimekaa wiki tatu bila kuandika kwa sababu nilitaka kuandika nikiwa na la kusema.

Shangazi alimweleza baba kuhusu mgongo na kuhusu krimu. Hakusema kitu usiku ule, lakini asubuhi aliuliza gari la Tanga linaondoka saa ngapi, akanisindikiza mwenyewe. Nilimpa daktari mrija na kikopo, na hakunigombeza. Aliandika jina la dawa kwenye faili, akaniuliza hedhi, akaniuliza kama ninalala. Nilipoulizwa kuhusu kulala nililia, na baba alikuwepo. Amenipa krimu hafifu ya kupunguza kwa wiki mbili kisha kuacha, pamoja na doksisaiklini, na ameniambia nirudi baada ya wiki sita ndipo aanze benzoili peroksaidi na adapaleni. Kuwaka moto kumepungua. Vipele bado vipo. Nimemwandikia mwenzangu wa bweni na nimempigia picha jina lililo kwenye mrija wangu, ila hajanijibu.

Nina swali moja. Shule inafunguliwa Jumatatu, na kwetu dawa haziruhusiwi kukaa bwenini. Nikianza hizo za kupaka usiku nitafanyaje?

Tabibu wa ngozi, Moshi

Mwombe daktari wako barua fupi yenye majina ya dawa na saa za kutumia, umkabidhi matroni pamoja na dawa zenyewe. Vidonge umeze baada ya chakula cha jioni mbele yake, si wakati wa kwenda kulala. Za kupaka utazipitia kwake kabla ya kengele ya kulala. Ukikosa usiku mmoja usipake mara mbili kesho yake.

Mfamasia, Morogoro

Na hiyo benzoili peroksaidi, mwanangu, hula rangi ya nguo. Acha ikauke kabisa kabla ya kulala, tumia foronya nyeupe, na sweta la shule usilivae ikiwa bado mbichi shingoni.